Nimepata 61, mbona bado naona Kemia imenishinda?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, shule ya kutwa ya mchanganyiko. Tangu tuanze moli, ile mada ya kuhesabu chembe, naona Kemia imenishinda. Jaribio la mwisho nilipata 61, lakini nilikuwa nakariri hatua tu, sielewi kwa nini hapa nagawanya na pale nazidisha. Mvulana ninayekaa naye alipata 54 na anasema moli ni mada nyepesi. Wavulana wengi wanasema hivyo hivyo. Wasichana tuko wachache, na karibu wote tunasema ni ngumu. Kuna mwalimu alituambia wasichana tunaiweza Baiolojia kwa sababu ni ya kusoma, ila Kemia na Fizikia zinataka kichwa cha kiume. Baba anataka nichukue PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) niwe daktari. Mwalimu wa taaluma amesema anayetaka kuhamia sanaa aseme kabla muhula haujafungwa. Je, ni kweli akili zetu ni tofauti, au ni mimi tu? Nihame?"*

Marahaba, binti yangu.

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kila mara jicho linarudi kwenye alama. Wewe una 61, mwenzako ana 54. Mwenye 54 anaiona mada nyepesi, mwenye 61 anataka kuhama. Usingezitaja hizo alama ningeamini kabisa kwamba wewe ndiye uliyefeli. Kwa hiyo kabla sijagusa habari ya akili za wasichana na za wavulana, shika hili: kuna kuliweza jambo, na kuna kujiona unaliweza. Mambo hayo mawili huachana, na katika Kemia, Fizikia na Hisabati mara nyingi huachana kwa mtindo uleule. Msichana hujipima chini ya uwezo wake, mvulana hujipima juu ya wake.

Hilo limepimwa. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, huendesha upimaji uitwao PISA kwa wanafunzi wa miaka 15 wa nchi nyingi. Ripoti yao ya 2015, iliyotumia takwimu za 2012, ilionyesha kuwa wasichana walijiamini kidogo kuliko wavulana katika Hisabati na sayansi, hata wale waliokuwa wanafanya vizuri sana. Kisha watafiti wakawalinganisha wavulana na wasichana wenye kujiamini sawa na wenye hofu sawa ya Hisabati. Pengo la alama za Hisabati kati yao likatoweka. Tanzania haikuwamo katika upimaji huo, na sikupi takwimu za wengine ili zisimame badala ya darasa lenu. Nakuonyesha tu kwamba jambo unaloliona kwenye dawati lako linaonekana pia mbali na kwenu, kwa hiyo haliwezi kuwa "wewe tu".

Sasa hicho kichwa cha kiume. Aliyewaambia hivyo huenda hakuwa na nia mbaya, lakini alichosema si kweli, na naomba usikibebe. Mwaka 2005 mwanasaikolojia wa Marekani, Janet Hyde, alizikusanya chambuzi 46, kila moja ikiwa imejumlisha tafiti nyingi za kulinganisha wanawake na wanaume kwa uwezo, tabia na hisia. Tofauti zipatazo asilimia 78 zilikuwa ndogo au karibu na sifuri. Tazama pia Oman, ambako wengi wetu wa pwani tuna ndugu. Katika TIMSS, upimaji wa kimataifa wa Hisabati na sayansi, wasichana wa darasa la nane wa Oman wamewaacha wavulana kwa mbali katika sayansi, mwaka 2011, 2015 na tena 2019. Tofauti inayogeuka upande ukivuka bahari haiwezi kuwa imeumbwa ndani ya fuvu.

Na hiyo "Baiolojia ni ya kusoma" nayo ina kasoro. Mtu anayeweza kupiga hesabu za jenetiki, akapata miche mitatu mirefu ya njegere kwa mmoja mfupi na akajua kwa nini, anatumia uwiano. Moli ni uwiano tangu mwanzo hadi mwisho. Kichwa kilichoweza lile kinaliweza hili.

Ipo tofauti moja ambayo sitakuficha, kwa sababu utakutana nayo. Katika majaribio ya kugeuzageuza umbo akilini, yaani kuona kitu cha pande tatu kikizungushwa bila kukishika, wavulana kwa wastani hufanya vizuri zaidi. Hilo lina uzito utakapofika kwenye maumbo ya molekuli, hasa kidato cha tano na cha sita. Ila lina mambo mawili ya kuongeza. Kwanza, ni wastani: wapo wasichana wengi walio juu ya wavulana wengi. Pili, uwezo huo unafundishika. Uchambuzi mkubwa wa 2013, uliojumlisha tafiti zaidi ya 200, ulionyesha kuwa mazoezi huuinua kwa jinsia zote mbili. Finyanga udongo mpira mmoja wa kaboni na minne midogo ya hidrojeni, uchomeke vijiti mpaka ile minne iwe mbali na mwenzake kadiri inavyowezekana, na umbo la methani litakuja lenyewe mkononi, na pembe zake za digrii 109.5. Aliyeng'amua umbo la penisilini na la vitamini B12 kwa miale ya X, kazi yenye kutaka macho ya pande tatu kuliko yoyote ninayoijua katika Kemia, ni mwanamke, Dorothy Hodgkin, na alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1964. Na moli unayoililia sasa haikudai ugeuze umbo lolote.

Basi kwa nini wewe unaiona ngumu na mwenzako nyepesi? Rudia maneno yako mwenyewe: "sielewi kwa nini hapa nagawanya na pale nazidisha." Mwenzako naye hajui kwa nini, nadhani. Alama 54 hazisemi kwamba anajua. Yeye anaita kujua ile hali ya kuikumbuka fomula na kupata jibu mara kadhaa. Wewe unaita kujua kule kuweza kueleza sababu. Mmefika mahali pamoja, ila mnatumia vipimo viwili tofauti, na kipimo chako ndicho cha mwanasayansi. Mwenzako pia anahitaji msaada, na pengine zaidi yako, maana hajui kwamba anauhitaji. Mkae mfanye maswali pamoja. Mwombe akueleze kila hatua kwa sauti, nanyi nyote mtaona palipo na pengo.

Lakini nusu ya wasiwasi wako ni ya haki, na sitaki nikubembeleze. Alama 61 za kukariri hatua hazidumu. Mkifika kwenye hesabu za titresheni, yaani kupima asidi kwa alkali, swali likigeuzwa kidogo tu, hatua ulizokariri zitakosa pa kushika. Kwa hiyo tuingie ndani ya moli yenyewe.

Mwaka 1991 Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow aliandika kwa nini sayansi ni ngumu kujifunza, na maelezo yake kuhusu Kemia bado sijapata yanayoyashinda. Mwanakemia, alisema, hufikiri katika ngazi tatu kwa wakati mmoja. Ipo ngazi ya kuonekana: povu, rangi, harufu, gramu kwenye mizani. Ipo ngazi ya chembe zisizoonekana: atomu, ioni, molekuli. Na ipo ngazi ya alama: fomula, milinganyo, hesabu. Mwalimu aliyezoea huruka kutoka ngazi hadi ngazi ndani ya sentensi moja bila kujua kwamba ameruka. Mwanafunzi mgeni, akili yake ina nafasi chache za kushikilia mambo kwa mara moja, na zikijaa huanza kukariri, kwa sababu hana la kufanya. Tena kumbuka ninyi mmesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa mnafanya yote haya kwa Kiingereza. Huo ni mzigo wa nne, kwa wasichana na kwa wavulana.

Chukua swali hili. Gramu 10 za marumaru, yaani kalsiamu kaboneti, zimemalizika zote kwa kumenyuka na asidi hidrokloriki. Tafuta moli za asidi zilizotumika.

Anayekariri huona gramu, huona asidi, basi anachukua 10 anagawanya kwa 36.5, uzito wa moli moja ya asidi hiyo, anapata 0.27. Hesabu iko safi kabisa na jibu ni kosa. Zile gramu 10 hazikuwa za asidi.

Sasa twende ngazi kwa ngazi. Unachoona: kipande cha marumaru kinatoa povu, kinapungua, kinaisha. Gesi inayotoka ukiipitisha kwenye maji ya chokaa, maji yanapata weupe, kwa hiyo ni kaboni dayoksaidi. Huku chini kwenye chembe: kila kaboneti moja ina chaji hasi mbili, na asidi inaleta ioni za hidrojeni zenye chaji chanya moja kila moja. Kaboneti moja haitulii mpaka ipate hidrojeni mbili. Ikizipata inavunjika kuwa maji na kaboni dayoksaidi. Hapo ndipo ile 2 inayokaa mbele ya HCl, yaani ile asidi, kwenye mlinganyo inapotoka. Haikuwekwa pale ili mlinganyo upendeze, inahesabu chembe.

Na chembe hatuzihesabu moja moja, kwa kuwa ni nyingi mno. Mfanyabiashara wa kanga haulizi kanga 20, anauliza korija, na korija ya kanga na korija ya mablanketi zina idadi ileile ingawa uzito wake haufanani hata kidogo. Moli nayo ni idadi, chembe 6.02 × 10²³. Tangu Mei 2019 idadi hiyo imewekwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili. Daftari lako likiwa bado linasema idadi ya atomu zilizomo kwenye gramu 12 za kaboni-12, usihangaike, hesabu zako hazibadiliki. Uzito wa moli moja ya kalsiamu kaboneti ni 40 ya kalsiamu, 12 ya kaboni na 48 ya oksijeni tatu, jumla gramu 100. Kwa hiyo gramu 10 ni moli 0.1. Unagawanya kwa sababu unauliza mafungu mangapi ya gramu 100 yamo ndani ya gramu 10. Kila kaboneti inataka asidi mbili, basi unazidisha kwa 2. Jibu, moli 0.2.

Umeona ulipogawanya na ulipozidisha, na kila kimoja kina sababu yake. Kugawanya kulikutoa kwenye mizani kukupeleka kwenye idadi. Kuzidisha kulikutoa kwenye dutu moja kukupeleka kwenye nyingine, na njia pekee ya kupita ilikuwa mlinganyo. Kila swali la moli utakaloletewa, jiulize mambo haya kwa Kiswahili kabla hujagusa kalamu: gramu hizi ni za nani, na ninatafuta za nani? Chora duara chache za chembe pembeni ya karatasi. Itakuchukua muda wiki za kwanza. Vumilia, kwa sababu ndiko kuelewa unakokutafuta.

Nirudi kwenye kujiamini, maana hesabu peke yake haitakutosha. Mwanasaikolojia Albert Bandura alionyesha kwamba mtu hupata imani ya kuweza jambo kutokana na kulifanya akafaulu, kuona wanaofanana naye wakilifanya, maneno anayoambiwa, na jinsi mwili wake unavyoitika, kama moyo kwenda mbio kabla ya mtihani. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Sasa nikuulize: mkiwa maabara, nani anashika bureti, ule mrija wa kupimia wenye koki?

Nauliza kwa sababu nimelishuhudia hili katika maabara nyingi. Kundi la watano, wavulana wako kwenye bureti, na msichana mwenye mwandiko mzuri amepewa daftari aandike matokeo. Hakuna aliyemkataza, amepewa tu. Mwaka unaisha hajawahi kufungua koki mwenyewe. Halafu tunashangaa kwa nini Kemia ni maneno matupu kwake na kwa mwenzake ni kitu cha mikono. Mara ijayo sema mapema, "leo bureti ni yangu." Soma namba kutoka juu kwenda chini, sifuri iko juu. Inama mpaka jicho liwe sawa na kina cha chini cha mkunjo wa maji, uandike hadi nafasi mbili za desimali, 23.40 na si 23.4. Ukitumia kiashiria cha methaili oranji, na alkali iko kwenye chupa, punguza mwendo rangi ya njano inapoanza kusita, udondoshe tone kwa tone hadi igeuke ya chungwa. Ikifika wekundu wa waridi umepitiliza, rudia. Ukishapata majibu mawili yanayokaribiana kwa 0.10, hakuna atakayekushawishi kwamba mikono yako haiwezi Kemia.

Kuhusu yale maneno ya "kichwa cha kiume", kuna utafiti maarufu wa Marekani wa 1999 uliodai kuwa mwanamke akikumbushwa dhana hiyo kabla ya mtihani wa Hisabati, alama hushuka. Utauona umetajwa kila mahali. Mimi siutegemei sana, kwa kuwa jaribio kubwa lililofanywa Uholanzi kwa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000 na kutolewa mwaka 2018 halikuona athari hiyo. Sentensi moja asubuhi ya mtihani pengine haikudhuru kitu. Kinachodhuru ni ile inayorudiwa mwaka mzima mpaka inaamua nani ashike bureti, nani aulizwe swali gumu na nani aambiwe ahamie sanaa.

Nihame? Sanaa si mahali pa walioshindwa. Ukiwa unaipenda Historia au unataka sheria, na ungeyataka hayo hata kama ungepata 90 ya Kemia, nenda kwa moyo mweupe, na ukae na baba umweleze. Ndoto ya udaktari inapaswa kuwa yako kwanza. Lakini hukuniambia unaipenda sanaa. Umeniambia unaikimbia Kemia, na unaikimbia ukiwa na 61. Fahamu pia kwamba kurudi ni kugumu. Udaktari, uuguzi, ufamasia, teknolojia ya maabara, kilimo, lishe, zote hutazama Kemia yako, na ukishaiacha kidato cha tatu hutaikuta tena kwenye cheti. Ushauri wangu ni ubaki, angalau mpaka ufanye lile zoezi la hapo juu muhula mzima kwa dhati.

Kwenda shule ya wasichana watupu ni njia nyingine ambayo wazazi huniuliza. Serikali imejenga shule za sekondari za wasichana za sayansi mikoani, na wapo wanaonawiri huko kwa sababu kila bureti lazima ishikwe na msichana. Ila tafiti zilizolinganisha kwa uangalifu hazijaonyesha kwamba kutenganisha jinsia peke yake kunapandisha alama. Shule yenye mwalimu anayeeleza na maabara inayofanya kazi ni bora, iwe ya mchanganyiko au ya wasichana. Tuisheni nayo ichunguze kwanza: kama ni kukaririshwa hatua haraka zaidi, utalipa pesa kwa ugonjwa uleule. Bora upate dada wa kidato cha tano au cha sita wa PCB au CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), umwombe Jumamosi moja moja.

Yapo mambo ambayo sitaweza kuyatibu kwa maandishi. Ukijikuta unachanganya namba ndogo zilizoandikwa chini ya alama ubaoni, au kichwa kinauma kila baada ya vipindi viwili, nenda ukapimwe macho. Ukiona uwiano na sehemu za Hisabati za kidato cha kwanza ndizo zinazokukwamisha, mwendee mwalimu wa Hisabati, umwambie hivyo hivyo bila aibu. Hilo hurekebishika kwa wiki chache akikaa nawe ana kwa ana. Kama maumivu ya hedhi yanakukosesha vipindi kila mwezi, mwambie mama, dada au mlezi wa wasichana shuleni, na mfike kituo cha afya, kwa sababu vipindi vinne vya moli vikipita bila wewe huwezi kuvijaza kwa kunakili daftari. Kama usingizi umekatika, huli, au wazo la shule linakutia kichefuchefu, mwone mwalimu wa malezi na ushauri nasaha mapema. Na ikiwa mtu yeyote, mwalimu wa shule au wa tuisheni, anakuambia alama zako zitapanda ukikubaliana naye jambo fulani, hiyo haina uhusiano wowote na Kemia: mwambie mzazi siku hiyo hiyo, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Kwa wiki hii, chukua ile karatasi ya 61 na kalamu nyekundu. Kila alama uliyokosa, andika pembeni ilikwama wapi: uliona vibaya gramu ni za nani, ulisahau mlinganyo, ulikosea kuzidisha, au hukuelewa Kiingereza cha swali. Mpelekee mwalimu wako wa Kemia karatasi hiyo, usiseme "sielewi moli", mwonyeshe safu yenye makosa mengi. Fanya hivyo kabla hujakwenda ofisi ya taaluma, na ukiweza nenda na mwenzako wa dawati.